Pesa Ilikuwepo, Kadi Haikulipwa

Mwezi huu nimeweka kando barua za SACCO na za wakopeshaji wa mitaani, ingawa ndizo nyingi siku zote. Kadi ya mkopo bado ni kitu cha wachache hapa Uganda. Wengi wetu tunatembea na kadi ya ATM, ambayo inakula akiba yako mwenyewe na haikudai kitu. Lakini zimekuja barua tatu za kadi kwa mpigo, na ya kwanza imeandikwa kwa uchungu na kwa mpangilio mzuri hata naichapa karibu yote.

*Mama, salaam kutoka Arua. Mimi nauza vipuri vya pikipiki na malori hapa mjini. Mzigo mwingi naagiza Dubai, na kadi ya mkopo ndiyo inanisaidia kulipa wauzaji wa huko. Kikomo changu ni shilingi milioni 3. Mwezi wa tano nilikuwa nadaiwa 2,640,000, mwisho wa kulipa tarehe 5. Kabla ya kusafiri kwenda Juba niliweka milioni 3 kwenye akaunti yangu ya shilingi, maana miaka yote benki hukata yenyewe. Nikiwa Juba laini ya Uganda niliizima, nikatumia ya kule. Nimerudi tarehe 27, kadi ikakataa kituo cha mafuta mbele ya mteja wangu! Kuwasha laini, ujumbe umejaa: faini ya kuchelewa 50,000, riba, halafu msichana wa benki amepiga na kupiga, anataja CRB, ile ofisi inayotunza historia za mikopo ya watu.*

*Nilipofika tawini nikaambiwa kadi yangu ilibadilishwa mwezi wa nne, ile ya zamani ilipoisha muda, na agizo la kukata lilibaki kwenye kadi ya zamani. Pesa yangu iko palepale, haijaguswa. Nimewaambia silipi hata shilingi mpaka wafute faini yao, kwa sababu kosa ni lao. Mpwa wangu naye anasema hiyo milioni 3 niizungushe kwenye mzigo, deni la kadi nikope kwenye simu nilifunge. Mwezi wa nane nataka kuomba mkopo wa kununua lori la Fuso. Je, jina langu limeshaharibika?*

— Muuza vipuri, Arua

Ndugu yangu wa Arua, hasira yako naielewa, na huenda haki iko upande wako. Lakini lipa leo. Kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu, kama tawi bado liko wazi, nenda ukalipe.

Nilikaa miaka mingi kwenye dawati la kadi katika benki moja pale Kampala Road, na watu walionisikitisha zaidi hawakuwa wale wasio na pesa. Walikuwa wenye pesa na wenye haki, waliokataa kulipa mpaka waombwe radhi. Radhi ilikuja, mara nyingine baada ya wiki sita, na kwa wiki zote hizo siku zilikuwa zinahesabiwa. Kompyuta inayohesabu siku za kuchelewa haisomi barua za malalamiko. Siku uliporudi ulikuwa umechelewa siku 22; ukilipa leo bado una malalamiko mazito mkononi. Ukisubiri ushinde kwanza, utashinda ukiwa umechelewa siku 60, na hapo hata meneja anayekupenda atakuwa na kazi ya kueleza faili lako.

Kuhusu jina. Watu wengi wanaizungumzia CRB kama orodha ya wahalifu: ukiingia hutoki. Haiko hivyo. CRB ya kwanza nchini ilianza kazi Desemba 2008, chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Uganda, na wazee wenzangu watakumbuka ile kadi ya fedha ya kuwatambulisha wakopaji, tuliyopigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, kabla NIN, namba ya kitambulisho cha taifa, haijawa namba ya kila kitu. Kinachowekwa kule ni historia: mikopo uliyochukua, ulivyolipa vizuri na ulivyolipa vibaya. Kwa kanuni za Benki Kuu, mkopo uliopitisha siku 90 bila kulipwa ndio unaoingizwa katika kundi la mikopo mibaya. Wewe hujakaribia huko. Kuchelewa kwako kunaweza kuonekana kwenye ripoti kama siku kadhaa za kuchelewa mwezi mmoja, kisha miezi safi kabla na miezi safi baada yake. Afisa mikopo anayejua kazi yake akiona alama moja ya namna hiyo anauliza swali moja, anapokea jibu, anaendelea. Kinachomtisha ni alama tatu zinazofuatana.

Sasa namna ya kulipa, maana hapa ndipo watu wanapojikwaa mara ya pili. Kuweka pesa benki na kulipa kadi ni mambo mawili tofauti, hata kama benki ni ileile na dada wa kaunta ni yuleyule. Kadi ya mkopo ina akaunti yake. Nenda kaunta uwaambie wahamishe kutoka akaunti ya shilingi kwenda akaunti ya kadi, uwaonyeshe kadi mpya, wala usiandike namba kwa kukumbuka kichwani. Omba karatasi yenye muhuri na tarehe. Kama kadi yako inahesabiwa kwa dola, kama zilivyo nyingi za wanaoagiza nje, ongeza kidogo juu ya hesabu, kwa sababu bei ya dola ya asubuhi si ile watakayokukatia jioni. Nimeona mtu akihesabiwa hajalipa kwa pungufu isiyonunua rolex mbili, zile chapati za mayai.

Ulipe kiasi gani? Usiulize kiwango cha chini. Kile kinakuondoa kwenye orodha ya waliochelewa, ni kweli, na kama ndicho pekee ulichonacho basi kilipe sasa hivi. Lakini wewe pesa unayo. Uliza swali hili, kwa maneno haya: nikifunga deni lote leo, pamoja na faini na riba ya mpaka leo, ni shilingi ngapi? Watakutajia kiasi kikubwa kuliko ulichokitarajia, na nitakueleza kwa nini usije ukaanza vita vipya pale kaunta.

Ukilipa deni lote kabla ya tarehe, benki inakusamehe riba ya manunuzi. Ukipitisha tarehe, msamaha unaondoka, na benki nyingi hurudi nyuma kuhesabu riba tangu siku uliponunua. Tuseme riba yako ni asilimia 3 kwa mwezi. Kwa deni la 2,640,000 hiyo ni shilingi 2,640 kila siku. Wewe ulidhani umechelewa siku 22, yaani 58,080. Lakini kama mzigo ulilipiwa tarehe 1 Aprili, mpaka 27 Mei ni siku 56, na riba ni 147,840. Jumlisha na faini ya 50,000, deni lote siku hiyo linakuwa 2,837,840. Milioni 3 yako inatosha na chenji inabaki. Weka viwango vya karatasi yako mwenyewe badala ya hivi vyangu, lakini hesabu inakwenda hivyo.

Halafu kuna mtego ambao sijawahi kusikia benki ikiueleza bila kuulizwa. Usipouliza swali langu la hapo juu, utaangalia taarifa ya mwezi, utalipa kilichoandikwa pale, utasema alhamdulillahi, utaiweka kadi droo. Mwezi unaofuata inakuja taarifa nyingine: unadaiwa 31,000. Hujanunua kitu. Unadhani ni makosa, unaitupa. Ile ni riba ya siku zilizopita kati ya kuandikwa kwa taarifa ya kwanza na siku uliyolipa. Haikuwemo kwenye karatasi kwa sababu siku hizo zilikuwa bado hazijafika. Usipoilipa, umekosa malipo kwa mara ya pili mfululizo, kwa deni dogo kuliko faini yake. Watu wa kuchelewa mara moja wanageuka watu wa kuchelewa mara mbili namna hii, na ile mara ya pili ndiyo inayoharibu. Kwa hiyo hata ukifunga lote leo, fungua taarifa mbili zijazo na uzisome mpaka mstari wa mwisho.

Ukishapata karatasi yenye muhuri, sasa kasirika. Andika barua, ukurasa mmoja, usiandike tusi hata moja. Dai faini ifutwe. Dai riba irudishwe, kwa sababu imetokana na agizo lisilohamishwa kwenye kadi mpya. Dai pia benki ithibitishe kwa maandishi ni taarifa gani imepeleka CRB kuhusu mwezi huo, na kama imepeleka kosa, irekebishe. Ushahidi wako mkubwa ni taarifa ya akaunti ya shilingi inayoonyesha kwamba tarehe 5 Mei milioni 3 ilikuwa imelala pale. Hiyo inamaliza hoja ya kwamba hukuwa na uwezo. Ambatisha na tarehe ya kupokea kadi mpya.

Jambo moja, na hili nakwambia kama dada yako: kabla ya kuandika neno "kosa lenu", kaombe nakala ya fomu uliyosaini siku ya kuchukua kadi mpya. Mara nyingi kuna mstari mdogo unaosema mteja ahuishe mwenyewe maagizo yake ya malipo. Kama mstari huo upo na saini yako iko chini yake, badilisha sauti ya barua. Usidai, omba. Sema umekuwa mteja wa miaka mingi, hujawahi kuchelewa, pesa ilikuwepo, na deni umeshalifunga. Mimi mwenyewe nilikuwa napeleka maombi ya aina hiyo kwa wakubwa, na yaliyopita kwa urahisi ni ya watu walioleta risiti ya malipo kwanza na ombi nyuma yake. Faini huwa rahisi kufutwa. Riba huwa ngumu. Ukipewa nusu ya riba, fikiria vizuri kabla ya kuikataa.

Tawi likikuzungusha, peleka makao makuu kwenye kitengo cha malalamiko, upewe namba ya lalamiko. Miongozo ya Benki Kuu ya mwaka 2011 ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha inazitaka benki ziwe na utaratibu wa kupokea na kushughulikia malalamiko, na usiporidhika unaweza kuandika Benki Kuu yenyewe. Usianzie huko. Watakuuliza kama benki yako imeshakujibu.

Na yule msichana anayepiga simu? Huenda ni wa benki kweli. Lakini mwenye deni ndiye windo rahisi la matapeli, kwa sababu ameshaogopa tayari. Usimpe PIN, usimsomee namba ya siri iliyoingia kwa ujumbe, usimtumie sente kwenye namba ya simu anayoitaja. Mwambie utampigia, kisha upige namba iliyochapwa nyuma ya kadi.

Mpwa wako nimpe sentensi chache tu. Mkopo wa simu wa asilimia 10 kwa mwezi, na ipo inayozidi hapo, ungekugharimu 264,000 kwa deni ambalo kadi inakutoza 79,200. Yaani unazima mshumaa kwa petroli. Wakopeshaji walio chini ya sheria ya mwaka 2016 ya taasisi ndogo za fedha wanatakiwa wawe na leseni ya UMRA, mamlaka inayowasimamia. Wale wanaoomba kusoma majina yote yaliyo kwenye simu yako ndio baadaye wanaowapigia wakwe zako, ingawa tangu 2019 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi. Mzigo usubiri wiki moja.

Kuhusu Fuso, mwezi wa nane haujaharibika. Benki hupeleka taarifa zao CRB kwa mizunguko, kwa hiyo subiri mzunguko mmoja upite baada ya malipo, kisha kachukue ripoti yako mwenyewe kwa kitambulisho cha taifa. Una haki ya kuiona na kupinga kilichokosewa. Ukikuta kosa, lalamikia palepale na kwa benki iliyopeleka. Siku ya kuomba mkopo nenda na risiti, barua na majibu, na uyataje mwenyewe kabla afisa hajageuza kompyuta yake. Usiombe benki nne kwa wakati mmoja ukitafuta ya kukukubali, kwa sababu kila inayokuchungulia CRB inaacha alama. Na kadi usiifunge kwa hasira. Itumie kidogo: mtu mwenye kikomo cha milioni 3 anayedaiwa 2,640,000 kila mwezi anaonekana amebanwa, hata kama biashara yake inanawiri.

Agizo jipya la kukata liwekwe kwa maandishi kwenye kadi mpya, tarehe 1 na si tarehe 5. Mwezi wa kwanza hakikisha kwa macho yako kwamba limekata. Na ukienda Juba tena, acha laini ya Uganda na mtu dukani anayejua kusoma ujumbe. Mitambo hukatika bila kukuaga: Januari 2021, siku za uchaguzi, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa, na waliokuwa wamezoea kulipa jioni ya mwisho kwa simu walibaki wanatazama kioo.

*Mama, mimi ni mzee wa Jinja. Kijana wangu yuko Waltham, Marekani. Alikuja kumzika mama yake, akasahau kulipa kadi ya kule. Mkwe wangu ananipigia analia kwamba jina la mume wake limechafuka kwa miaka 7. Ni kweli?*

— Mzee, Jinja

Pole sana kwa msiba, mzee wangu. Mwambie mkwe apunguze machozi kidogo, kwanza aangalie kalenda.

Kule sheria ni zao na haziingiliani na CRB yetu. Kadi ikicheleweshwa, faini na riba vinaweza kuanza mara moja, lakini kwa kawaida benki za kule haziandiki kuchelewa kwenye ripoti za wakopaji mpaka siku 30 zipite tangu tarehe ya kulipa. Kama kijana amerudi na kulipa ndani ya siku hizo 30, amepoteza pesa ya faini na riba, jina liko palepale. Apige simu aombe faini ifutwe. Kwa mteja asiye na historia ya kuchelewa, mara nyingi wanaifuta.

Kama siku 30 zimepita, hiyo miaka 7 ni kweli: ndiyo muda ambao habari ya kuchelewa inaruhusiwa kukaa kwenye ripoti. Lakini haikai na uzito uleule. Kadiri miezi ya kulipa vizuri inavyoongezeka, ndivyo inavyopungua nguvu. Alipe kabla haijafika siku 60, kwa sababu hiyo huandikwa kama kosa kubwa zaidi. Kisha aandikie benki barua ya kuomba hisani, aeleze msiba, aambatishe tiketi ya ndege na cheti cha kifo. Hawalazimiki kukubali, na wapo wanaokubali. Asipinge taarifa iliyo ya kweli akidai ni ya uongo. Kupinga ni kwa kilichokosewa. Mashirika makubwa ya taarifa kule ni matatu, Equifax, Experian na TransUnion, na kila moja lina ripoti yake, kwa hiyo azitazame zote.

*Shangazi, nafanya kazi kiwandani Namanve. Tarehe ya kadi yangu ni 3. Mwezi wa sita nililipa kwa simu tarehe 2 saa mbili usiku, ujumbe ukaja umefanikiwa. Benki inasema pesa imeingia tarehe 4, wamenitoza faini. Ujumbe wangu si ushahidi?*

— Dada wa Bweyogerere

Ni ushahidi kwamba ulituma, binti yangu. Kadi inahesabu siku pesa ilipoingia kwenye akaunti yake. Na tarehe 3 Juni, wewe unayekaa jirani na Namugongo unajua kuliko mimi, nchi nzima iko kwenye sikukuu ya Mashahidi. Ulituma usiku, siku iliyofuata benki zimefungwa, zikafunguliwa tarehe 4. Peleka ujumbe wenye namba ya muamala, onyesha saa, omba faini ifutwe. Una nafasi nzuri, hasa kama masharti ya kadi yako yanasema malipo ya siku ya mapumziko huhesabiwa siku ya kazi inayofuata. Yasome kabla ya kwenda.

Safari nyingine tuma moja kwa moja kutoka simu kwenda benki, siku tatu za kazi kabla. Wanaotoa kwanza kwa wakala ndipo wakapange foleni kaunta wanakatwa gharama ya kutoa, na juu yake ile kodi ya serikali ya asilimia 0.5 ya pesa inayotolewa kwenye simu, bure tu.

Lakini kubwa zaidi, omba wakubadilishie tarehe. Benki nyingi hukubali ukiuliza, na watu hawaulizi. Umeandika chini ya barua yako kwamba mshahara unaingia tarehe 28, ukichelewa tarehe 2. Basi tarehe 3 haikufai hata kidogo. Omba ya 10. Wakikuuliza sababu, waambie ukweli kwamba kiwandani kwenu mshahara wa Februari wakati mwingine mnaulia Machi.